Dawa ya Picha Ikikukataa: Mambo ya Kujua Kabla ya Skani ya CT



Siku hizi si jambo geni kusikia kwamba mtu wa kijijini mwetu ametumwa kupigwa skani ya CT. Miaka ya nyuma ilibidi wengi waende hadi Nairobi, lakini sasa kaunti nyingi zina mashine hiyo. Familia inauza mbuzi, majirani wanafanya harambee, wengine wanangoja idhini ya SHA, na hatimaye siku inafika. Mgonjwa yuko tayari kupanda juu ya ile meza, ndipo anaulizwa swali moja: "Una alaji yoyote?"

Majibu tunayoyasikia ni ya namna mbili, na yote mawili yanatutia wasiwasi. Wako wanaosema "hapana" hali wanajua wazi kwamba dawa ile iliwahi kuwakataa. Wanaogopa kwamba wakisema kweli watarudishwa nyumbani, na pesa zimekwisha liwa na nauli. Wako pia wanaosema "ndiyo, samaki", wakanyimwa kipimo walichokihitaji sana, na ugonjwa ukaendelea kukua ndani bila kujulikana. Kumbe huyu wa pili hakuwa na shida yoyote ya kumzuia, na yule wa kwanza angeweza kusaidiwa kama angesema mapema. Mtu ambaye dawa ilimkataa bado ana njia, mradi ijulikane ilikuwa dawa gani na ilimfanya nini. Hilo ndilo tunalotaka kueleza katika toleo hili.

Hiyo dawa ni ya nini?

Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa vizuri, lakini viungo laini vya ndani huonekana kama ukungu. Skani ya CT hutumia miale ile ile ya eksirei, ila mashine huzunguka mwili wote, na kompyuta hukusanya vipimo na kuchora picha za ndani kama mkate uliokatwa vipande vipande. Aliyeunda mashine ya kwanza ni Mwingereza, Godfrey Hounsfield, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa katika hospitali moja ya London tarehe 1 Oktoba 1971. Hesabu za jambo hilo zilikuwa zimeshughulikiwa mapema zaidi na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeanza kulifikiria mwaka wa 1956 alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1979. Kwa hiyo tusidhani mashine hii ni ya wageni tupu. Afrika nayo ina mkono wake.

Lakini mashine peke yake haitoshi kila mara. Ini na uvimbe ulio ndani ya ini vyaweza kutokea kwenye picha vikiwa na rangi moja ya kijivu. Ndipo mgonjwa anapodungwa dawa kwenye mshipa wa mkono. Wengi huiita "rangi" au "dai", ingawa ukiitazama kwenye chupa ni maji maangavu yasiyo na rangi hata kidogo. Ndani yake mna aidini. Aidini huzuia miale ya eksirei isipite, na hivyo kila mahali damu inapopita hung'aa kwenye picha. Sisi hapa tutaiita dawa ya picha.

Si kila skani inahitaji dawa hiyo. Mawe ya figo, mfupa uliovunjika, au damu iliyovuja kichwani baada ya ajali ya bodaboda huonekana bila kudungwa kitu. Kansa, jipu la ndani ya tumbo na ugonjwa wa mishipa ya damu ndivyo mara nyingi huihitaji.

Joto si alaji

Dawa ikiingia, mtu huhisi joto likipanda kutoka kifuani hadi kichwani na kushuka mpaka kiunoni. Mdomoni husikia ladha ya chuma. Wengi hudhani wamejikojolea, wakaona aibu, kumbe ni kavu kabisa. Mambo hayo huisha kwa dakika moja au mbili na si alaji. Wako watu ambao wameandikiwa kwenye kadi zao kwamba dawa iliwakataa, na ukiwauliza vizuri watakwambia ni joto tu walilosikia. Kama wewe ni mmoja wao, mweleze daktari, maana huenda umebeba jina usilostahili.

Vile vile mkono ukivimba pale pale ulipodungwa, huenda sindano ilitoka kwenye mshipa na dawa ikamwagika chini ya ngozi. Huo ni uvimbe wa mahali pamoja. Piga kelele mara moja uhisipo maumivu, ili wasimamishe ile mashine inayosukuma dawa.

Dawa ikikataa kweli

Alaji, au mzio kama vitabu vinavyosema, huonekana namna nyingine. Mwasho mwilini, vipele vilivyovimba, chafya zisizoisha, kope au midomo kufura. Hizo ni dalili ndogo. Kubwa ni kifua kubana na kukoroma, sauti kukwaruza kama mtu aliyekabwa, kizunguzungu, presha kushuka ghafla na mtu kuzimia. Nyingi ya zile kali huanza katika dakika 20 za kwanza, na ndiyo sababu hospitali nzuri haikuruhusu kuondoka kabla ya nusu saa kwisha.

Neno moja kwa wauguzi na wahudumu wa afya wa jamii. Vitabu vingi vilivyoandikwa ng'ambo husema tazama wekundu wa ngozi. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo huenda usiuone kabisa. Pitisha mkono uhisi kama kuna vipele vilivyoinuka, tazama kope na midomo, na muulize mgonjwa anawashwa wapi.

Je, jambo hili hutokea mara ngapi? Mwaka wa 1990 madaktari wa Japani wakiongozwa na Katayama walichapisha hesabu ya vipimo zaidi ya 337,000. Kati ya waliodungwa dawa za aina ya zamani, karibu 13 katika kila 100 walipata shida fulani, hata kama ni kichefuchefu tu. Kwa dawa za aina mpya walikuwa 3 katika kila 100. Shida kali zilikuwa 22 katika kila 10,000 kwa zile za zamani, na 4 katika kila 10,000 kwa zile mpya. Aina hizo mpya zilitokana na wazo la daktari Mswidi, Torsten Almén, aliyeona kwamba dawa za zamani zilikuwa nzito mno kuliko damu na kwa hiyo ziliusumbua mwili. Leo hizo mpya ndizo hutumika kwa kawaida kwenye mshipa wakati wa skani ya CT. Hatari basi ni ndogo, lakini ipo.

Wengine huuliza, "Itanikataaje na sijawahi kudungwa?" Ni kweli kwamba alaji nyingi huanza baada ya mwili kuzoeana na kitu. Dawa ya picha haifuati sheria hiyo kila mara. Mara nyingi huziamsha zenyewe zile chembe za mwili zinazotoa kemikali ya mwasho na uvimbe, hata kwa mtu anayeipata mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo pia kudungwa tone dogo la kujaribu, kama wengine walivyozoea kuona kwa penisilini, hakusaidii. Watu wamepita jaribio hilo salama na dawa kamili ikawaangusha.

Habari ya samaki na aidini

Hapa ndipo pana uvumi mwingi, hata miongoni mwa watu waliosoma. Inasemekana kwamba samaki wa baharini na kamba wana aidini, dawa ya picha ina aidini, kwa hiyo anayewashwa na kamba atauawa na dawa. Ukilisikia unaona lina maana, lakini si kweli. Anayewashwa akila kamba, kaa au omena anakataliwa na protini iliyo kwenye nyama ya mnyama yule. Aidini haihusiki.

Tena tukumbuke kwamba aidini iko kwenye chumvi tunayonunua dukani. Hutiwa humo makusudi ili tusipate rovu, kwa kuwa mwili hauwezi kuishi bila aidini. Kama mtu angekuwa na alaji ya aidini yenyewe, angekuwa anaugua kila siku kwa ugali na mboga zake. Hata yule aliyewashwa na ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda hana sababu ya kuikataa skani.

Sasa, ni kweli kwamba mtu mwenye alaji za namna yoyote, na hasa mwenye pumu, hatari yake ni kubwa kidogo kuliko ya wengine. Aseme, ili waangalie. Mwenye pumu inayombana siku ile ile afadhali atulizwe kwanza, kama kipimo chaweza kungoja. Lakini hatari inayozidi zote ni ya mtu ambaye dawa ya picha ilishamkataa siku nyingine.

Kuhusu figo: kile kipimo cha damu unachofanyiwa kabla ya skani, na yale maswali juu ya kisukari na vidonge vya metformini, hayahusu alaji. Ni kwa ajili ya figo, na tutayazungumza siku nyingine.

Andika jina la dawa

Tumeona madaftari ya kliniki yaliyoandikwa kwa wino mwekundu: "Alaji ya aidini." Maneno hayo humtisha kila anayeyasoma na hayamsaidii yeyote. Daktari wa miaka mitano ijayo atajuaje ulidungwa nini? Dawa za picha ni nyingi: kuna Omnipaque, kuna Ultravist, kuna Visipaque, na nyingine. Iliyokukataa ni moja, na huenda nyingine isikukatae.

Kabla hujatoka hospitalini, wewe au mtu aliyekusindikiza mwombe fundi wa picha au muuguzi awaandikie jina lililo kwenye chupa, tarehe, baada ya dakika ngapi mambo yalianza, yalikuwa mambo gani, na ulitibiwa kwa nini. Kwa mfano: "Omnipaque, tarehe fulani. Dakika 5 baada ya kudungwa: vipele mwili mzima na mwasho, hakubanwa kifua. Alipewa Piriton, akapata nafuu kwa saa moja." Mistari mitatu tu. Piga picha kwa simu na umpe mtoto au ndugu aiweke pia, kwa maana madaftari hulowa mvua na kupotea. Kwa maoni yetu karatasi hiyo ina thamani kuliko ile picha yenyewe ya CT, nayo haigharimu kitu.

Njia zilizopo

Mgonjwa aliyekataliwa na dawa akifika na habari zake, swali la kwanza la daktari ni kama dawa yenyewe inahitajika. Pengine skani bila dawa inatosha. Pengine alitrasaundi itajibu swali. Pengine MRI, ambayo hutumia sumaku. Nayo yaweza kuhitaji dawa yake, lakini ile ni kemikali tofauti kabisa, na anayekataliwa na hii si lazima akataliwe na ile.

Kama dawa ni lazima, wataalamu wa miaka ya karibuni wanaegemea sana kubadilisha aina: ikiwa ulikataliwa na hii, upewe ile. Unaona sasa kwa nini tumesisitiza jina? Kwa aliyepata vipele kidogo tu, kubadilisha huenda kukatosha. Aliyezimia au kubanwa pumzi ni habari nyingine. Yeye asifanyiwe isipokuwa hakuna njia nyingine, na iwe katika hospitali kubwa yenye watu na vifaa vya kumwokoa.

Njia ya tatu ni vidonge vya kutuliza mwili kabla ya kipimo, na hapo ndipo watu wa mbali huponzwa na saa. Mpango mmoja unaotumiwa sana kwa watu wazima ni prednisoloni miligramu 50 mara tatu: saa 13 kabla ya kudungwa, saa 7 kabla, na saa 1 kabla. Pamoja na ile ya mwisho hupewa dawa ya kuzuia mwasho, ya jamii ya Piriton. Mpango huo huandikwa na daktari. Tunautaja ili ukipewa uuelewe, si ili ujinunulie kwenye duka la dawa.

Tuseme mgonjwa anatoka Kapenguria, na skani yake ni Eldoret saa nne asubuhi. Kidonge cha kwanza anapaswa kukimeza saa tatu usiku, akiwa bado kwake. Cha pili ni saa tisa usiku, kwa hiyo atege simu imwamshe. Cha tatu ni saa tatu asubuhi, akiwa amekwisha fika hospitalini. Maana yake ni kwamba vidonge viwe mkononi mwake siku iliyotangulia. Akiandikiwa karatasi ya skani bila vidonge, akapanda matatu alfajiri na kuja kusema habari ya alaji pale mlangoni, amechelewa. Kumpa vidonge dakika hiyo na kumlaza kwenye mashine ni kujidanganya, kwa sababu dawa za namna hiyo huchukua saa nyingi kabla hazijafanya kazi mwilini.

Jambo jingine huwashtua watu. Prednisoloni inayopatikana sana kwetu ni kidonge cha miligramu 5, kwa hiyo miligramu 50 ni vidonge kumi kwa mara moja. Wako wanaodhani muuguzi amekosea, wakameza kimoja. Hajakosea. Kama una shaka mpigie simu au umuulize tena, lakini usipunguze mwenyewe. Hata kama umeambiwa usile, vidonge humezwa kwa maji kidogo, uliza uhakikishe. Mwenye kisukari aseme, maana sukari yake itapanda kwa siku moja au mbili. Na kwa kuwa ile dawa ya mwasho huleta usingizi, usije ukaendesha pikipiki kurudi nyumbani.

Vidonge hivi havikatai shida asilimia mia. Wako walioumeza mpango wote na bado dawa ikawakataa, mara nyingi kwa namna ile ile ya mara ya kwanza. Kwa hiyo hata ukiwa umevimeza, wakumbushe waliomo chumbani kabla hujadungwa.

Kipimo kisipoweza kungoja

Mtu ameletwa usiku na mshipa mkubwa wa damu unapasuka. Hakuna nafasi ya saa 13. Madaktari waweza kumpa haidrokotizoni kwenye mshipa na kurudia kila baada ya saa chache, lakini hata hiyo yahitaji kama saa nne au tano ili isaidie. Hatari ya kutopimwa ikizidi ile ya dawa, hubadilisha aina ya dawa, hupima, na humsimamia mgonjwa kwa makini wakiwa na vyombo vya kuokoa maisha karibu. Uamuzi huo ni wa daktari na familia pamoja, na familia ina haki ya kuelezwa kwa lugha inayoisikia.

Dawa ikikataa vibaya, inayookoa ni adrenalini, ikidungwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, na yaweza kurudiwa baada ya dakika tano hivi kama hapati nafuu. Alazwe chali miguu ikiinuliwa, au akae kama anapigania pumzi, apewe oksijeni na maji ya mshipa. Tunasema haya kwa sababu tabia ya kuanza na Piriton na haidrokotizoni kisha kungoja bado ipo katika vituo vingi. Hizo zina kazi yake, lakini hazifungui koo linalozibika, wala hazirudishi presha iliyoanguka. Ndugu wa mgonjwa anaweza kuuliza bila woga kabla ya kipimo: "Daktari, adrenalini iko hapa chumbani?" Si utovu wa adabu. Wanaofanya kazi hiyo vizuri hufurahi kuulizwa.

Baada ya kurudi nyumbani

Aliyepata shida kali asiharakishwe kwenda stendi ya matatu jioni ile ile. Mambo yaweza kurudi baada ya saa kadhaa hata kama alionekana amepona, na njiani hakuna wa kumsaidia. Akae hospitalini aangaliwe, na kama hakuna kitanda, alale kwa ndugu aliye karibu na hospitali.

Kuna pia upele unaochelewa. Huanza saa kadhaa baadaye au hata siku ya tatu au ya nne, mtu akiwa shambani na habari ya skani amekwisha isahau. Huwasha, hutapakaa kifuani na mgongoni, na kwa kawaida huisha wenyewe kwa siku chache. Lakini ngozi ikianza kutoa malengelenge, au vidonda vikitokea mdomoni na machoni, au homa ikipanda, huo si upele wa kungoja. Mgonjwa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Hata ule mdogo usiupuuze. Upige picha kwa simu kabla haujafifia, nenda nao dispensari pamoja na ile karatasi yenye jina la dawa, ukaandikiwe kwenye daftari lako.